Shahada ya Uigizaji na Utayarishaji wa Maonesho: Tathmini ya Mtu Aliyeipitia

Shahada ya uigizaji na utayarishaji wa maonesho ya jukwaani ni bidhaa moja yenye nusu mbili zisizolingana. Nusu ya kwanza, ile ya uigizaji, ndiyo inayopigiwa debe: picha zake hujaa kwenye matangazo ya vyuo, na ndiyo inayowavuta vijana wengi kujaza fomu za maombi. Nusu ya pili, ya utayarishaji, hutajwa mwishoni mwa kipeperushi kana kwamba ni nyongeza ya bure. Kwa maoni yangu mpangilio huo ungefaa kupinduliwa. Mwanafunzi hupata uigizaji kwa kiasi kinachotegemea mno bahati yake, yaani mwalimu aliyempata, nafasi alizopangiwa na kundi aliloingia nalo, ilhali utayarishaji huupata kwa uhakika zaidi, kwa sababu onesho lina tarehe ya kufunguliwa na tarehe hiyo haibembelezeki. Ninayoyaandika yanatokana na masomo niliyosoma mwenyewe katika chuo ambacho sitakitaja, pamoja na kazi ninazofanya na wahitimu wa vyuo vingine, na yanamlenga yeyote anayefikiria kutoa miaka mitatu au minne ya ujana wake, na ada juu yake, kwa ajili ya elimu ya namna hii.

Inafaa kukumbuka kwamba fani hii haikuzaliwa chuo kikuu. Kwa karne nyingi mwigizaji alijifunza ndani ya kundi, akianza kwa kubeba mizigo na kusimama nyuma ya wakubwa bila kusema neno, kisha akipandishwa taratibu. Shule rasmi zilipoanza kuenea, nyingi zilikuwa za kufundisha kazi tu: ile ya London iliyoasisiwa na mwigizaji Herbert Beerbohm Tree mwaka 1904, ambayo leo inajulikana kama RADA, ilianza ikiwa mbali na chuo kikuu chochote. Marekani ndiyo iliyotangulia kuifanya kazi ya jukwaani kuwa shahada, pale taasisi ya Carnegie mjini Pittsburgh ilipofungua milango ya shahada ya tamthilia mwaka 1914, na Uingereza ikapata idara yake ya kwanza ya chuo kikuu mwaka 1947, huko Bristol, ambako mkazo ulikuwa katika kuichambua tamthilia kama taaluma. Idara nyingi za leo zimerithi pande zote mbili, na mvutano wake unaonekana kwenye ratiba ya wiki, ambapo mwanafunzi aliyetoka kubiringika sakafuni asubuhi nzima anatakiwa mchana kukabidhi insha yenye tanbihi. Mwombaji asiyejua jambo hili huja akidhani amedanganywa, ama kwa kukuta vitabu vingi kuliko alivyotarajia, ama kwa kukuta vichache.

Ubora wa idara huanza kupimika siku ya usaili. Kwa kawaida mwombaji wa uigizaji hutakiwa kuja na vipande viwili vya kusema peke yake, kimoja cha tamthilia ya kale na kingine cha kisasa, kila kimoja cha dakika chache. Wengi hudhani wanapimwa kwa ukubwa wa sauti na wingi wa machozi. Idara inayojua kazi yake hufanya jambo jingine: mwombaji akishamaliza, msaili humwomba akirudie kipande kilekile kana kwamba anamnong'oneza mgonjwa aliyelala, au kana kwamba amebakiwa na nusu dakika kabla ya kuondoka. Hakuna anayejali sana kama marudio ni bora kuliko ya kwanza. Linalotazamwa ni kama yamebadilika. Anayerudia alichokariri nyumbani, kwa mikono ileile na vituo vilevile, huwa ameshajibu swali bila kujua kwamba ameulizwa. Wanaoomba upande wa utayarishaji huitwa kwenye mahojiano na kuombwa waoneshe kazi, hata kama ni ratiba ya tamasha la shule waliyoiandaa kwa mkono au picha za mandhari waliyoijenga kwa mbao chakavu. Idara inayompokea kila aliyelipa ada ya maombi bila kumwona akisimama mbele ya watu inapaswa kutiliwa shaka, kwa sababu uigizaji hufundishwa kwa kundi, na kundi lililokusanywa ovyo humrudisha nyuma hata aliyekuja na kipawa.

Mwaka wa kwanza ni wa mwili na sauti, na hapo nusu ya uigizaji inastahili sifa bila masharti. Wanafunzi hulala chali, magoti yamekunjwa, kiganja kimoja chini ya mbavu, na kwa muda mrefu hawafanyi lolote zaidi ya kuiacha pumzi iingie bila kuivuta. Baadaye pumzi hiyo hubebeshwa mlio mdogo, kisha irabu, kisha mstari mmoja wa tamthilia, huku mwalimu akipita kati yao na kusikiliza ni nani ambaye koo lake linakaza pale maneno yanapoanza. Mtu anayechungulia dirishani ataona mzaha. Anayefanya onesho la saa mbili kwa usiku kadhaa mfululizo anaelewa maana yake, kwa kuwa sauti inayosukumwa na koo huanza kukwaruza mapema na hairudi hata kwa maji ya moto. Mbinu ya Alexander, ambayo bado inafundishwa katika shule nyingi, ilitokana na tatizo hilohilo: mwasisi wake, F. M. Alexander, mzaliwa wa Tasmania mwaka 1869, alikuwa msomaji wa mashairi jukwaani aliyepotewa na sauti, akajichunguza kwenye vioo mpaka akagundua jinsi alivyokuwa akikivuta kichwa nyuma kila alipotaka kusema.

Upande wa mwili, mafundisho ya Rudolf Laban, mwanangoma aliyechambua mwendo wa mwili, ndiyo yaliyonisaidia kuliko mengine. Yeye aliyagawa matendo ya msingi katika aina nane kwa kuangalia uzito, muda na mwelekeo, miongoni mwake kusukuma, kukung'uta, kuteleza na kuelea. Ukimpa mwanafunzi kikombe akiweke mezani kwa kusukuma, kisha akiweke kwa kukung'uta, unapata watu wawili tofauti kabla hata neno halijasemwa, na mwanafunzi huyo hahitaji kuambiwa tena kwamba mhusika hujengwa kwa vitu vidogo. Masomo haya yana faida nyingine isiyotangazwa, nayo ni kwamba hayapendelei. Mwenye umbo la kuvutia na asiye nalo hulala kwenye sakafu moja.

Mambo huwa magumu zaidi pale masomo ya mbinu za uigizaji yanapoanza. Karibu kila idara humtaja Konstantin Stanislavski, aliyeasisi Ukumbi wa Sanaa wa Moscow pamoja na Vladimir Nemirovich-Danchenko mwaka 1898, na karibu kila idara hufundisha swali lake la msingi: mhusika huyu anataka nini, anakitaka kwa nani, na nini kinamzuia? Baada ya hapo njia hugawanyika. Waliomfuata nchini Marekani kupitia kundi la Group Theatre, lililoanzishwa New York mwaka 1931, hawakukubaliana: Lee Strasberg alisisitiza kumbukumbu ya hisia za mwigizaji mwenyewe, Stella Adler, baada ya kukutana na Stanislavski ana kwa ana jijini Paris mwaka 1934, alirudi akisema uzito uwe kwenye mazingira ya mhusika na vitendo vyake, na Sanford Meisner akajenga mazoezi yake juu ya kumsikiliza mwenzako na kumjibu. Tofauti hizi zina matokeo darasani, na idara isiyomweleza mwanafunzi inafuata njia ipi, au inayomrusha kutoka kwa mwalimu wa njia moja kwenda kwa wa nyingine bila maelezo, inamfanya atumie mwaka mzima kujaribu kuwapatanisha watu ambao wenyewe hawakupatana.

Nitatoa mfano wa somo lililofundishwa vizuri. Wanafunzi wawili wanaigiza dada aliyekuja kwa kaka yake kudai funguo za nyumba ya marehemu mama yao. Dada anapaza sauti, anatetemeka, macho yamejaa. Mwalimu anasimamisha. "Unafanya nini hapo?" Mwanafunzi anajibu kwamba ana hasira. "Hasira hainihusu mimi, wala haimhusu yeye. Unamfanya nini kaka yako?" Kimya. Anaambiwa arudie mstari uleule mara ya kwanza akimwaibisha, mara ya pili akimbembeleza, mara ya tatu akimfanya ajione yeye ndiye mdogo. Mara ya tatu kaka, ambaye hakuambiwa lolote, anaangalia chini na kusahau maneno yake, na darasa zima linajua kwamba kuna kitu kimetokea. Hapakuongezwa machozi yoyote.

Mfano wa kinyume nao upo, na nasikitika kwamba si wa nadra. Niliwahi kukaa katika darasa ambalo mwalimu aliwataka wanafunzi wachimbe misiba yao ya kweli mbele ya wenzao, mmoja baada ya mwingine, na aliyeshindwa kulia aliambiwa kwamba amejifunga. Hakukuwa na maandalizi kabla wala maongezi baada. Hilo halina uhusiano na ufundi, na mwigizaji anayelazimika kuufukua msiba wake kila usiku saa mbili kamili hatafika mbali. Afadhali siku hizi idara nyingi zimeanza kuweka taratibu za maandishi kuhusu matukio ya mapenzi na ya ukatili jukwaani, ambapo kila mguso hupangwa na kukubaliwa kama hatua za ngoma, na mwanafunzi ana haki ya kukataa bila kupoteza alama. Idara ambayo haina utaratibu huo nisingeipendekeza, hata iwe na ukumbi mzuri kiasi gani.

Kasoro kubwa zaidi ya nusu ya uigizaji, hata hivyo, haimo darasani bali imo kwenye ugawaji wa nafasi. Tamthilia ina wahusika wakuu wawili au watatu, ilhali darasa lina watu wengi zaidi ya hapo, na tamthilia nyingi za zamani zina wanaume wengi kuliko wanawake ilhali darasani mara nyingi hali ni kinyume. Mwongozaji ambaye naye anataka onesho lake lisifiwe huwarudia walewale aliowaamini msimu uliopita. Kwa hiyo hutokea mwanafunzi akamaliza shahada ya uigizaji akiwa amecheza mlinzi, jirani na sauti ya nje, huku mwenzake aliyelipa ada ileile akiwa amebeba maonesho matatu mabegani. Zipo idara zinazolitatua kwa kuandika kwenye kanuni zao kwamba kila mwanafunzi lazima apate nafasi yenye uzito kabla ya kuhitimu, au kwa kuchagua tamthilia za kundi ambazo mzigo umegawanywa. Zipo pia zinazosema kwamba ushindani ndio hali halisi ya soko. Jibu hilo huwa halinishawishi, kwa sababu soko halimtozi mtu ada kabla ya kumkataa.

Kuhusu kamera nitasema machache. Idara nyingi za jukwaani bado huiona kama mgeni, na hutenga muhula mmoja wa kuigiza mbele yake, jambo lisilolingana na ukweli kwamba usaili mwingi siku hizi hufanyika kwa mwombaji kujirekodi nyumbani na kutuma. Mwanafunzi atalazimika kujaza pengo hilo mwenyewe.

Sasa nageukia nusu ya pili, ambayo wengi huingia wakiwa wamenuna, wakiihesabu kuwa adhabu ya kutopewa nafasi jukwaani. Usimamizi wa jukwaa ndio moyo wake. Msimamizi hukaa kwenye kila zoezi na kuandika kila hatua: nani ameingia kutoka upande gani, ameketi kwenye neno lipi, ameacha wapi barua aliyokuja nayo. Maandishi hayo, pamoja na maneno yote ya tamthilia na kila ishara ya taa, sauti na mapazia, hukusanywa kwenye jalada moja ambalo kwa sheria ya fani linapaswa kumwezesha mtu mwingine kuliendesha onesho usiku huohuo iwapo msimamizi ataugua. Nimewahi kuwapa kazi wahitimu wa vyuo mbalimbali, na huwa sitazami vyeti vyao kwa muda mrefu. Naomba kuona jalada. Ukurasa ulioandikwa kwa penseli, uliofutwa na kuandikwa upya, wenye mistari iliyonyooka kutoka kwenye neno hadi kwenye ishara, unanieleza kwamba mtu huyu ameshakaa kwenye kiti hicho.

Kisha huja mazoezi ya kiufundi, ambayo kwangu mimi ndiyo somo bora kuliko yote katika shahada hii. Hadi siku hiyo waigizaji wamekuwa wakifanya mazoezi chumbani, wakifikiria milango ambayo haipo. Ghafla wanaletwa ukumbini, na onesho linapitishwa ishara kwa ishara, kwa mwendo wa konokono. Mwanafunzi anayesimamia ameketi kwenye meza yenye taa ndogo ya rangi ya buluu, vipokea sauti vichwani, jalada limefunguliwa. "Taa arobaini na moja, sauti kumi na mbili, jiandaeni." Fundi taa anajibu kwamba yuko tayari, fundi sauti vilevile. Jukwaani mzee anainua fimbo yake. "Taa arobaini na moja, piga." Taa zinafifia, lakini ngurumo inakuja kabla ya fimbo kugusa sakafu, kwa kuwa kijana wa sauti aliufuata mkono wa mzee badala ya kuisubiri amri. Wote wanasimama. Mzee anarudi alikokuwa. Wanarudia, mara ya tatu, mara ya nne, na mwongozaji anataka taa zichukue sekunde sita badala ya nne, na mwigizaji mmoja amesimama gizani na joho zito akitokwa jasho, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Katika saa hizo mwanafunzi hujifunza kwamba nidhamu ya jukwaani si suala la tabia njema: amri ikitolewa mapema kidogo, mtu anaweza kuwa amesimama chini ya kitu kinachoshuka.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Katika kumbi zenye mfumo wa kupandisha mandhari kwa kamba na uzani, kila bomba lililobeba pazia juu ya jukwaa husawazishwa na vyuma vilivyopangwa upande wa pili wa kamba. Mwanafunzi hufundishwa kanuni moja kabla ya kugusa kamba yoyote: unapofunga mzigo, ufunge kwanza kwenye bomba likiwa limeshushwa jukwaani, ndipo vyuma viongezwe juu, unapoufungua, vyuma vitolewe kwanza, ndipo mzigo ufunguliwe, ili upande ulio mzito uwe daima chini na usiwe na pa kuangukia. Ukigeuza utaratibu huo, bomba litaruka juu au vyuma vitashuka kwa kasi ambayo mikono ya binadamu haiwezi kuizuia. Somo la usalama wa moto nalo hufundishwa kwa kutaja ukumbi wa Iroquois wa Chicago, ulioungua tarehe 30 Desemba 1903 wakati wa onesho la mchana na kuua watu zaidi ya 600. Pazia la kuzuia moto lilikwama njiani, na baadhi ya milango ya kutokea ilikuwa imefungwa au ilikuwa migumu kufunguka. Mwalimu akishaeleza hayo, hana haja ya kufafanua kwa nini kiti kimoja tu kilichowekwa kwenye njia ya kutokea kinatosha kuahirisha onesho.

Ubunifu wa mandhari hufundishwa kwa mfano mdogo wa jukwaa, mara nyingi kwa kipimo cha 1:25, na hapa chuo humpa mwanafunzi kitu ambacho makundi madogo hayana nafasi ya kumpa, yaani muda wa kukosea kwenye kadibodi kabla ya kukosea kwenye mbao. Taa hufundishwa kuanzia kupanda ngazi na kuelekeza kila moja kwa mkono hadi kuziendesha kutoka mezani kwa mfumo wa DMX512, uliobuniwa mwaka 1986, ambao waya wake mmoja hubeba njia 512 za kupeleka amri kwenye taa. Mwanafunzi hugundua upesi kwamba taa za kisasa zinaweza kutoa rangi yoyote, na kwamba hilo ndilo tatizo lake: maonesho ya mwaka wa pili huwa na zambarau nyingi kupita kiasi. Maleba huchukua muda zaidi ya inavyodhaniwa, kwani nguo ya jukwaani lazima ivuliwe kwa sekunde chache gizani, ifuliwe kila siku, na imruhusu aliyeivaa kuanguka bila kuchanika. Ni katika chumba cha maleba nilikoona wanafunzi wa uigizaji wakibadilika kabisa, pale walipolazimika kumvisha mwenzao kwa haraka na kutambua ni watu wangapi wasioonekana wanaomfanya mmoja aonekane.

Nadharia nitaipitia kwa haraka, si kwa sababu haina maana, bali kwa sababu ubora wake hutegemea jambo moja tu, nalo ni kama inaungana na jukwaa. Bertolt Brecht, mwandishi wa tamthilia na mwongozaji wa Kijerumani, akifundishwa kwa insha pekee hubaki kuwa orodha ya istilahi. Akifundishwa kwa wanafunzi kujaribu kuonesha tukio huku wakimzuia mtazamaji asilizwe nalo, anaeleweka kwa siku moja. Vivyo hivyo kwa Augusto Boal wa Brazili, ambaye jukwaa lake la mjadala humpa mtazamaji haki ya kusimamisha onesho na kuchukua nafasi ya mhusika. Lipo somo moja kavu ambalo ningelipa uzito zaidi: haki za waandishi. Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mwaka 1886, unazitaka nchi wanachama zilinde kazi ya mwandishi katika maisha yake na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na kwa hiyo tamthilia nyingi ambazo wanafunzi wanatamani kuzicheza haziwezi kuchezwa kwa kiingilio bila ruhusa. Mhitimu asiyejua kuomba ruhusa hiyo, kuandaa bajeti na kusoma mkataba amefundishwa nusu ya kazi.

Utaratibu wa kutoa alama unastahili lawama kiasi. Onesho ni kazi ya pamoja, na vyuo vikuu vinataka alama ya mtu mmoja mmoja. Matokeo yake ni kumbukumbu ndefu za kujitathmini ambazo mwanafunzi hodari wa kuandika huzitumia kuficha kwamba alichelewa mazoezini. Idara chache humtuma mwalimu aketi mazoezini na kutoa alama kwa mwenendo wa wiki nzima, na hizo ndizo zilizo karibu na haki. Nyingine hutoa alama kwa usiku wa kwanza tu, siku ambayo kila mtu hujitahidi.

Baada ya kuhitimu, nusu hizi mbili huachana waziwazi. Waliojikita katika uigizaji hukutana na usaili wa mfululizo, vipindi virefu vya kusubiri, na onesho la mwisho la mbele ya mawakala ambalo idara hulitangaza sana ingawa wachache huondoka hapo na mkataba. Waliokaa kwenye meza ya usimamizi, kwenye taa na kwenye maleba huitwa mapema zaidi, kwa sababu kila tamasha, mkutano mkubwa, ibada ya hadhara na uzinduzi una haja ya mtu anayeweza kusema nani aingie saa ngapi na kwa nini. Waigizaji ninaowaona wakidumu ni wale waliojifunza upande wa pili pia, kwa kuwa katika kundi dogo anayeweza kuigiza na pia kupanga taa hupewa kazi kabla ya anayeweza kuigiza tu.

Kwa anayetaka uigizaji peke yake, shule ya ufundi isiyo ya chuo kikuu, yenye saa nyingi za mazoezi na insha chache, ni chaguo bora zaidi, na kwa aliye na kundi imara karibu naye huenda miaka ya kazi ndani ya kundi hilo ikamfaa kuliko darasa lolote. Shahada hii inamfaa mtu anayevutiwa na onesho zima, aliye tayari kukaa gizani na vipokea sauti vichwani kwa muda mrefu kama atakaokaa kwenye mwanga, na ambaye hachukizwi na kusoma. Kabla hajalipa chochote, aombe ruhusa ya kuketi nyuma ya ukumbi wakati wa mazoezi ya kiufundi badala ya kwenda siku ya wageni, siku ambayo kila kitu kimefagiliwa. Akikataliwa, aombe orodha za waliofanya kila onesho katika misimu miwili iliyopita, za jukwaani na za nyuma ya pazia, aziweke pamoja mezani na kuangalia ni majina mangapi yanajirudia juu kabisa, na ni mangapi yaliyotokea mara moja tu, chini, kisha yasionekane tena.